Malkia wa Upande Wetu wa Shuka

Kitambaa cha pamba kikipigwa na joto la taa kabla hakijakauka sawasawa, hutoa harufu yake. Si ya nguo chafu, wala si ya nguo safi. Ni kama mchele uliooshwa ukaachwa kwenye ungo. Juma lililopita harufu hiyo ilinijia sebuleni mwangu mwenyewe, hapa Mji wa Kale, nimekaa na sindano yangu sina habari na mtu. Nikajikuta nimesimamisha uzi hewani.

Aliyeileta ni mjukuu wangu Zuhura. Alikuja na kijimashine cheupe, kadiri ya mkate wa boflo, akakitia waya, akakiunganisha na simu yake. Kisha akaenda kambani akatwaa shuka langu kabla halijakauka, akalitundika katikati ya sebule.

"Bibi, leo sinema i nyumbani," akasema, akaniwekea kiti mbele.

Nikakichukua kiti changu, nikapita nyuma ya shuka, nikakaa huko.

"Bibi! Mbona wenda huko? Huko ni nyuma."

"Ndiko nilikozoea."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Yeye ana haraka, hasikilizi jambo likafika mwisho. Nitawaeleza ninyi.

Mjomba wangu Athumani, ndugu yake mama, alikuwa fundi wa malori kule Shimanzi. Alikuwa mtu wa kufungua vitu. Ukimwachia saa yako ukaenda kunywa maji, ukirudi utaikuta imetandazwa juu ya gazeti, naye amekaa mbele yake kama mtu anayechambua dagaa. Siku moja alirudi nyumbani na mkokoteni, na juu ya mkokoteni kuna kitu kimefunikwa gunia. Ilikuwa mashine ya sinema, imekufa, imetupwa stoo na wenyewe baada ya kununua mpya. Mama alipoiona aliuliza itakula nini. Mjomba akajibu itakula stima, na kidogo.

Kwa muda mrefu ilikaa ukumbini ikifunguliwa na kufungwa. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa, kwa hiyo tuliijua kila mahali. Ilikuwa na globu kubwa yenye moto wa kuchoma kidole, na mbele yake kioo kinene cha mviringo. Mkanda ulipita katikati, umetobolewa vishimo pembeni, na meno madogo ya chuma yakiuvuta. Na kulikuwa na kibati kinachozunguka kama pangaboi. Hicho kibati ndicho Mjomba alichokipenda kuliko vyote.

"Picha haitembei," alikuwa akituambia. "Yasimama. Kibati chafunika taa, picha yabadilishwa gizani, kibati chafunua. Mato yenu hayana habari. Yanadhani yameona mtu akitembea."

Sikuyaelewa maneno hayo, lakini niliyashika.

Mashine ilipokubali kufanya kazi, Jumamosi baada ya swala ya isha ikawa sinema uani kwetu. Shuka la marekani, ile pamba nyeupe, lilifungwa kutoka nguzo hadi nguzo, likaukata ua nusu kwa nusu. Mashine na wanaume walikaa upande wa mlango mkubwa. Sisi wanawake na watoto wa kike tulikaa upande wa jikoni, nyuma ya shuka. Hakuna aliyetoa amri. Arusini tulikaa hivyo, kwenye maulidi tulikaa hivyo, na sinema ikaingia katika desturi ileile bila kuulizwa. Wala msituonee huruma. Huku kwetu mabuibui yalivuliwa, miguu ikanyooshwa, bajia zilitoka motomoto jikoni, na mtu alisema alitakalo. Wanaume kule walikaa wima kama wako mahakamani.

Taabu ilikuwa moja: picha ilitufikia hafifu. Tuliona watu kama wamo ndani ya moshi. Mpaka Jumamosi moja mama alichelewa kufua, akalitundika shuka likiwa bado lachuruzika. Mashine ilipowashwa, wanawake walipiga kelele. Nyuso zilitoka! Pua, kope, mapambo ya masikio, vyote. Kumbe marekani ikirowa huachia nuru ipite. Tangu siku hiyo, kila Mjomba alipobadilisha gurudumu la mkanda, mama alisimama na bakuli la maji akilinyunyizia shuka kama mtu anayemwagia mrehani. Harufu yake ndiyo hiyo niliyowaambia.

Sasa niwaambie jambo langu.

Nilizaliwa na mkono wa kushoto. Wa kulia ninao, lakini ulikuwa mgeni kwangu. Nikishika kitu nashika kwa kushoto, nikitupa jiwe natupa kwa kushoto. Chuoni, tulikosoma msahafu, mwalimu aliniondolea kalamu mkononi mara nyingi mpaka akachoka yeye, mimi bado. Wakati wa kula mama alinifunga mkono huo kiunoni kwa kipande cha leso kuukuu, nikala kwa kulia, punje zikimwagika. Kula ni kwa mkono wa kulia. Hilo sikulibishia, na hata leo nyumbani kwangu halibishiwi. Lakini sindano ilikuwa habari nyingine.

Baba alikuwa amefariki, na mama alituendeshea maisha kwa kushona kofia za viua, zile nyeupe zenye vitobo vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi. Kushona huko hufunzwi nyumbani tu ukajiita fundi. Mtaani kwetu wasichana walipelekwa kwa Bi Rukia, mwanamke mrefu, mkavu, asiye na maneno mengi. Kofia iliyotoka barazani kwake haikuulizwa bei mara mbili. Umri wangu ulifika. Mama akanipeleka, akiwa amenifundisha njia nzima nishike sindano kwa kulia. Nilipoishika hivyo, nilijichoma, nikakitia kitambaa damu. Nikaihamishia kushoto bila kufikiri, na tobo likatoka la mviringo, safi.

Alikuwako Bi Zainabu, jirani yetu, aliyeshona kwa Bi Rukia tangu ujana. Alilitazama lile tobo, kisha akautazama mkono.

"Mwanakombo, wallahi sina ubaya na mwanao," akamwambia mama. "Lakini kofia ni ya kuendea msikitini. Mtu ataivaaje kichwani, imeshonwa kwa mkono wa chooni? Wateja wakisikia, baraza hii itafungwa."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Bi Rukia alinyoosha mkono. Alikiinua kitambaa changu dirishani, upande wa ndani ukimwelekea, akavitazama vitobo vikipitisha nuru. Ndivyo alivyokikagua kila kitambaa. Akakirudisha kwa mama.

"Tutaona," akasema.

Njiani kurudi mama hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Shule nilikuwa nimeshatolewa, na kazi nyingine ya kunifunza hakuwa nayo. Jioni ile alinifunga mkono kwa mafundo mawili.

Mjomba alikuwa na sinema chache, na moja ndiyo iliyopendwa. Ilikuwa ya malkia. Ya nchi gani, sijui, na maneno yake hatukuyajua. Kila mtu alijitafsiria. Mwanzoni yalipita maandishi, yakianzia kulia kwenda kushoto. Wengi wetu tulikuwa tumesoma msahafu peke yake, hatukuona ajabu, maana hata yetu huanzia kulia. Malkia mwenyewe alikuwa mzuri, mpole, mwenye kumwomba Mungu. Ndugu ya mumewe anamsingizia, anafungwa chumbani, na humo chumbani anadarizi nguo usiku na mchana, ampelekee mumewe vitani, ajue kwamba yu hai. Wanawake wa mtaa wetu walimlilia malkia yule kuliko walivyowalilia ndugu zao.

Jumamosi iliyofuata ikaonyeshwa hiyo. Walikuwa wameshaitazama, lakini wakati ule shuka lilikuwa kavu na picha imejaa moshi. Sasa limeroweshwa, kila kidole chaonekana. Malkia akashika sindano.

"Ala!" akasema mmoja. "Ashona kwa kushoto!"

"Na kalamu je? Hebu tazama, na kalamu pia."

"Labda wa kulia wamuuma."

"Umuume tangu mwanzo wa sinema? Na mumewe je? Mbona naye ashika upanga kwa kushoto?"

"Basi ni kabila lao."

"Maskini, hawana wa kuwafunza."

Mimi nilikuwa nimeinuka bila kujijua, nimesimama karibu na shuka, matone ya maji yananidondokea miguuni. Sikuwa nimepata kuona mtu mzima, mwenye heshima zake, akifanya kazi kwa mkono kama wangu. Naye si mmoja. Nchi nzima! Wapishi, askari, mpaka kadhi wao. Nilijiambia kwamba mimi sikuzaliwa kombo. Nilizaliwa mbali na kwetu, basi.

Bi Rukia alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, karibu na mlango wa jikoni. Alingoja sauti zipungue.

"Zainabu."

"Labeka."

"Yule malkia wampenda, humpendi?"

"Nampenda! Nani asiyempenda, masikini ya Mungu?"

"Na ile nguo anayoidarizi, ukipewa utaivaa?"

"Nikipewa na malkia? Nitaivaa, na kulala nitalala nayo."

Wakacheka. Bi Rukia hakucheka.

"Haya. Jumatatu mtoto wa Mwanakombo yuwaja kwangu na sindano yake. Aishike atakavyo."

Bi Zainabu alifungua kinywa. Mkono wa malkia ulikuwa bado unakwenda juu na chini pale mbele yake, mkubwa kama mlango. Akakifunga.

Nikaanza kazi. Sitasema nilikuwa hodari, lakini mkono ulipofunguliwa ulikimbia kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Bi Rukia alinifunza kwa kunyamaza. Aliketi akitazamana nami badala ya kuketi ubavuni, akaniambia nifuate mikono yake kama najitazama kiooni. Wengine aliwaketisha ubavuni. Mimi sikuuliza kwa nini. Kila jioni aliinua kitambaa dirishani, upande wa ndani ukimwelekea. Penye kosa aliweka ukucha wake, nami nikafumua.

Kisha siku moja, Jumamosi, binamu yangu aliyezoea kuwapelekea wanaume kahawa alikuwa na homa. Mama akanikabidhi dele la kahawa na vikombe, maana nilikuwa bado mdogo wa kuruhusiwa kupita. Nikazunguka kwa ukumbini, nikatokea upande wa pili. Kahawa nimeishika kwa kushoto. Nikainua macho.

Malkia alikuwa chumbani mwake anadarizi. Kwa mkono wa kulia.

Nilidhani ni mwanamke mwingine. Nikamtazama uso: ni yeye. Kipini kilekile puani, lakini kimehamia upande wa pili wa pua. Dirisha lililokuwa huku liko kule. Askari akaingia akitokea upande usio wake. Nikalihamishia dele mkono wa kulia polepole, kama mwizi anayerudisha kitu.

Mjomba alipozima taa abadilishe gurudumu, nikamwendea.

"Mjomba, malkia amebadili mkono?"

Mjomba alikuwa mtu wa kupenda maswali. Alichukua kipande cha mkanda kilichokatika, akakiweka mbele ya taa ya mkononi. Malkia akawa mdogo kama ukucha, na sindano yake kulia. Akakigeuza kile kipande, nyuma mbele. Sindano ikawa kushoto.

"Amebadili nini?" akaniuliza.

"Mkono."

"Hakubadili kitu. Wewe ndiye uliyezunguka."

"Na wale wa nyuma wanajua?"

Akafikiri. "Sijui, mwanangu. Hawajaniuliza."

Mume wa Bi Zainabu alikuwa ameketi hatua mbili kutoka pale, ananyoosha kikombe. Aliyasikia yote, na kicheko chake kilinifuata mpaka jikoni. Nikajua yatafika.

Juma lile nilishona kama mtu aliyekalia mkeka wa watu. Kila mlango ulipobishwa nilidhani ni wa kuja kuniondoa. Sikumwambia mama, kwa kuwa nilimwona usiku anakunja kile kipande cha leso anakitia chini ya sanduku, uso wake umetulia. Nilikuwa nafanya haraka. Nilitaka kofia yangu ya kwanza imalizike kabla sijafukuzwa, nipate kuwa na moja.

Jumamosi ikafika, na Bi Zainabu akafika kabla ya bajia. Hakuvua hata buibui.

"Tumefanywa wajinga!" akasema. "Sinema yote twaiona kinyume! Yule malkia ni wa kulia kama mimi na ninyi. Mume wangu amenicheka juma zima, ati nimesadiki nchi ya watu wa kushoto. Na wewe, Bi Rukia, umemwingiza yule mtoto barazani kwa ajili ya kivuli!"

Wanawake waligeuka wote. Mama alikuwa amesimama na bakuli lake la maji. Mimi nilijibanza nyuma ya mtungi.

Bi Rukia hakuinuka kwenye mbuzi yake.

"Zainabu, wewe umekaa wapi?"

"Hapa. Si waniona?"

"Na malkia wa hapa ashona kwa mkono gani?"

"Kwa kushoto, lakini si ndiyo nasema..."

"Basi huyo ndiye wako. Ukimtaka wa kulia, vaa kanzu ukakae kule na wanaume."

Kicheko kilipanda mpaka wanaume wakauliza kuna nini. Bi Rukia hakungoja kiishe. Alitia mkono kwenye kikapu chake, akatoa kofia mbili mpya, akampa Bi Zainabu.

"Moja nimeshona mimi. Moja ameshona Saumu. Nitafutie humo mkono wa kushoto. Ukiuona, mtoto ataondoka."

Saumu ni mimi. Kofia yangu niliimaliza jana yake, lakini sikuwa na habari kwamba alikuwa ameichukua.

Bi Zainabu alizigeuza. Alikuwa fundi, na fundi hata akikasirika hawezi kuidanganya kazi. Alizisogeza kwenye taa ya kandili, akapitisha kidole gumba juu ya vitobo, akazinusa, sijui kwa nini alizinusa. Wengine wakazipokea, zikazunguka duara zima. Zikarudi kwake.

"Hii ndiyo yako," akamwambia Bi Rukia.

"Hiyo ya mtoto."

Bi Zainabu akavua buibui, akalikunja, akalikalia. "Bajia ziko wapi?" akasema. "Au nazo twaziona kinyume?"

Mama akalinyunyizia shuka maji. Mashine ikaanza kukereza, na malkia wetu akatokea.

Utotoni nilidhani Bi Rukia alidanganyika kama wengine, na alipoambiwa ukweli, ukaidi wa kizee ukamkataza kurudi nyuma. Nilimpenda kwa ukaidi huo. Miaka ikapita, akafariki, Mungu amrehemu, nami nikawa na baraza yangu na wasichana wangu. Siku moja nikawa namfunza binti yangu, mamake Zuhura, kukagua kazi. Nikamwinulia kitambaa dirishani, upande wa ndani ukitukabili, nuru ikipita kwenye vitobo. "Ukitazama kwa ndani," nikamwambia, "kiua kilicho kulia utakiona kushoto. Usikifumue, hakina kosa. Ni wewe uko nyuma yake."

Nikabaki nimekiinua kitambaa dirishani. Mtoto akaniuliza, "Mama, una nini?"

Mwanamke yule aliinua kitambaa kwenye nuru akakitazama kwa nyuma kila siku ya Mungu, maisha yake yote. Hakuna aliyejua kuliko yeye jinsi sura inavyogeuka ukiwa upande wa ndani. Alikijua kinyume kile tangu malkia aliposhika sindano. Aliketi kwenye mbuzi yake, akawaacha wenzake waseme ya kabila na ya upanga, akangoja mpaka wote wameshampenda yule mwanamke na mkono wake, ndipo akauliza. Na siku aliyoniketisha tutazamane, alikuwa ameshajua afanye nini na mkono wangu. Mimi nilikuwa na umri wa kucheza kombolela. Nilidhani nimeokolewa na mashine.

Basi siku ile ya kijimashine, Zuhura alikuja nyuma ya shuka akaniinamia.

"Bibi, kama wapenda kukaa huku, kuna kitufe. Chaigeuza picha, utaona sawasawa."

"Chaigeuza vipi?"

Akabonyeza. Mtu aliyekuwa kwenye shuka anakunywa chai kwa mkono wa kushoto, kikombe kikaruka kikawa kulia. Hakuna maji, hakuna kibati, hakuna kuzunguka kwa ukumbini. Mjomba angekifungua kile kijimashine usiku huohuo.

"Rudisha," nikamwambia.

"Bibi, lakini hivyo ni kinyume!"

"Najua. Rudisha."

Akarudisha, akanitazama kama mtu anayetazama mzee, akaenda zake mbele. Mimi nikaishika tena sindano kwa mkono wangu. Nilipomaliza kiua niliiinua kofia mbele ya mwanga wa shuka, upande wa ndani ukinielekea, nikatafuta ukucha wa Bi Rukia ungekaa wapi.

Palikuwa na tobo moja lenye kosa. Nikalifumua.